Ukimwi na Milango ya Nyumba Zetu

Tumeulizwa na baadhi ya wazazi wa wanafunzi wetu kama yafaa mwalimu wa chuo, ambaye elimu yake ni Kurani na shule ya msingi tu, kunena habari za Ukimwi mbele ya vijana. Jawabu letu ni kwamba yafaa, tena yatupasa, kwani maradhi haya huingia majumbani kwa milango ambayo walimu ndio tunaoitwa kuisimamia: ndoa, tohara na kuosha maiti. Ama ilimu ya utabibu twawaachia wenyewe, nasi tutaitaja kwa kadiri tulivyosoma na kuelezwa.

Katika Tanzania wagonjwa wa kwanza walijulikana mkoani Kagera mwaka 1983, nao walikuwa watatu. Watu wa huko waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la kitambaa cha fahari kilicholetwa na wachuuzi wa mpakani, na wako walioshikilia kwamba ni uchawi wa wachuuzi waliodhulumiwa. Hata ulipofika mwaka 1986 hapakuwa tena na mkoa wa Bara usio na mgonjwa. Sisi tukaao Kua, katika kisiwa cha Juani, twajua habari za adui ajaye kwa bahari, maana mji wa kale ambao magofu yake tunayapita kila siku uliangamizwa na Wasakalava wa Bukini katika karne ya 19. Lakini wale walikuja na vyombo vyao vikaonekana. Adui huyu hushuka pwani pamoja na mume arudiye kwake na zawadi mkononi, na huenda mume mwenyewe hana habari.

Waislamu wa Uganda walitutangulia katika kulikabili jambo hili, na habari zao zastahili kujulikana zaidi kuliko zinavyojulikana. Mwaka 1988 madaktari wa Kiislamu wa nchi ile waliunda chama chao, na mwaka 1989 wakawakutanisha viongozi wa dini kuwaeleza maradhi yalivyo. Mwaka 1992 wakaanza kazi katika wilaya ya Mpigi, wakawafundisha maimamu na wasaidizi wao, wanaume kwa wanawake, nao wakazunguka nyumba hata nyumba. Hawakuishia kukemea zinaa, kwani kukemea peke yake kila mtu akuweza. Walisema wazi kwamba wembe mmoja usitahiri watoto wawili, na kwamba mwosha maiti afunike majeraha yake na avae glovu, kisha amwoshe maiti huyo kama amwoshavyo mwingine yeyote. Ugumu ulikuja kwenye mipira ya kinga. Wengi waliikataa, wakichelea kwamba kuitaja ni kuifungulia zinaa njia. Yakawako majadiliano, na mwisho wakakubali itajwe, baada ya kujizuia na uaminifu wa ndoa kutangulizwa. Sisi twaona walifanya vyema. Mke asiye na virusi, ambaye mumewe anavyo, hakuzini, na kumnyima habari ya kinga kwa sababu ya wazinifu ni kumdhulumu. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia Ukimwi liliichapisha habari ya kazi hiyo mwaka 1998 ili mataifa mengine yajifunze.

Tukiwa bado katika tohara, vijana wetu wasijidanganye. Ni kweli kwamba majaribio yaliyofanywa Kisumu, Rakai na Afrika Kusini yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kiasi cha 60 katika 100, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani likaishauri mwaka 2007. Lakini ngao yenye matundu 40 si ya kwendea vitani kwa kujigamba.

Sasa tuje kwenye dawa. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila aonekanaye na virusi huanzishiwa dawa bila ya kungoja augue. Mwenye kuzimeza kila siku mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito asiyetumia dawa, hatari ya mtoto wake kuambukizwa ni baina ya 15 na 45 katika 100. Akitumia barabara, hushuka chini ya 5. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi, waliokuwa wakijijua ni kama 83 tu. Lakini katika kila 100 wa hao waliojijua, 98 walikuwa wakitumia dawa, na katika kila 100 wa hao watumiao, virusi vilikuwa vimefubaa kwa 94. Mataifa yamejiwekea shabaha ya 95 katika kila daraja. Basi tazama, ndugu msomaji, pengo liko wapi. Liko katika kupima, na mara nyingi kimzuiacho mtu kupima ni ulimi wa jirani yake.

Kwa sababu hiyo hatuungi mkono wale wasemao kwamba imamu asiozeshe mpaka aletewe cheti. Sheria ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima na kuitoa siri yake, na cheti kikipita mikononi mwa watu wanne katika kijiji kama chetu, jioni kimekwisha kusomwa na kisiwa kizima. Twawashauri wachumba waende wenyewe, wawili, kabla ya siku ya posa kutajwa, na majibu yabaki kwao.

Wala tusikimbilie miujiza. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wa kila dini, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na wako walioacha dawa zao wakidhani wamepona, zikawaharibikia hali.

Yuko kijana tuliyemsomesha, na jina lake halihitajiwi hapa, ambaye huenda dago miezi miwili, mitatu. Katika dago wavuvi hulala bega kwa bega na kila mtu auona mfuko wa mwenziwe. Alikuwa na dawa zake, akaziacha nyumbani kwa kuwaogopa wenzake, akarudi amekonda hata mamaye akamtambua kwa sauti. Aliyemwokoa ni mkewe, aliyevuka naye hadi Utende, kisha Kilindoni hospitalini, wala hakuwaeleza wakwe wala majirani. Huko wakaambiwa jambo ambalo wengi hawalijui: mgonjwa ambaye hali yake imetulia aweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, hata sita. Baada ya kurudi kwenye dawa na kutulia, sasa huzichukua kabla ya msimu. Nahodha wake amekubali ziwekwe katika sanduku la chombo, pamoja na dawa za homa na za kichwa za watu wengine, na hapana aulizaye ni za nani. Manahodha wa Chole, Jibondo na Bwejuu wasomao gazeti hili, sanduku kama hilo si gharama.