MBUZI HAIFUNGE KILA NENO: BARAZA NA KESI ZA SERIKALI

Kwetu Kivu, tangu zamani, neno likitokea kati ya watu wawili, wazee wanakaa barazani. Mwenye kukosewa anasema, mwenye kukosa anajibu, mashahidi wanasikilizwa, na mwisho wazee wanakata neno. Mkosaji analipa kuku, mbuzi ao kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na wote wawili wanakunywa mbele ya watu. Kunywa huko si mchezo: ni kushuhudia kwamba neno limekwisha na mtu asilifufue tena.

Sisi hatuzarau desturi hiyo. Ng'ombe akila maharagwe ya jirani, mpaka wa shamba ukisogezwa, vijana wakipigana kwenye kilio, baraza inafanya kazi ambayo tribinali haiwezi. Tribinali inatoa mshindi na mshindwa, na kesho yake hao wawili wanachota maji kwenye chemchemi moja. Tena tribinali iko mbali, na njiani franga zinaombwa: za karatasi, za safari ya polisi, za nini tena. Ndiyo maana watu wanasema: «Tusipelekane ku parke, tumalizane humu humu.»

Lakini sheria ya Kongo inatofautisha makosa. Kwa uzinzi, serikali haifuate mtu kama bwana ao bibi aliyekosewa hakushitaki. Kwa makosa madogo, sheria ya 1959 inaruhusu mkosaji kulipa faini kwa serikali na kesi inafungwa. Kwa kosa kubwa haiko vile: hata mlalamikaji akisema «nimesamehe», serikali inabaki na haki ya kumfuata mkosaji. Kulipana hasara ni neno la watu wawili. Azabu ni neno la nchi nzima.

Kumbe katika matendo tunaona mengine. Familia mbili zinapatana usiku. Mlalamikaji anaondoa mashitaka, mashahidi hawafiki, na jaji asiye na ushuhuda anamwachilia mtu, ao dosie inalala ndani ya kabati ya parke. Sheria haikuvunjwa kwa kelele. Ilikufa kwa kunyamaza.

Uchungu mkubwa uko kwenye kesi za kubaka. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziliweka kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na zikakataza kumaliza kesi hizo kwa ile faini ya 1959. Hata hivyo, vijijini tunasikia bado: «Alete mbuzi mbili,» ao vibaya zaidi, «amuoe basi.» Tuulize: ile mbuzi ilikulwa na nani? Baba alikula, wajomba walikula, wazee walikula. Msichana hakupewa hata kiti barazani. Walipatana wale ambao hawakuumizwa, na aliyeumizwa akaambiwa anyamaze kwa heshima ya jamaa.

Wengine watasema: hiyo ndiyo asili yetu, sheria imetoka Kinshasa. Tunajibu kwamba Katiba ya 2006, katika kipengele 153, inaacha majaji watumie desturi, ila isipingane na utaratibu wa nchi na mwenendo mwema. Na sisi wenyewe tunajua kusudi la baraza: kumwinua aliyeanguka. Baraza inayomkanyaga tena mtoto imeacha kazi yake.

Basi wazee wetu waendelee kukata maneno ya mipaka, ya madeni na ya matusi. Hapo hatuna hakimu bora kuliko wao. Lakini msichana akiletwa na machozi, mzee asiulize bei ya mbuzi. Amtume na mama mwenye kuaminika kwenye kituo cha afya mbele ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia ukimwi zinahitaji muda huo, kisha amsindikize ku parke. Na siku ya kesi, mzee mwenyewe akae kwenye benchi ya mashahidi. Heshima ya jamaa italindwa hapo.