Macho Kwenye Mpira
Mpunga ukishavunwa hapa Ifakara, mabinti zetu hukaa bila kazi, na vishawishi huja. Tumeona heri wacheze kriketi tukiwaona, nasi tumejifunza nao. Tunatumia mpira laini wa tenisi na ubao aliouchonga fundi seremala. Anayetumia mkono wa kulia husimama kiubavu, bega la kushoto likimwelekea mrushaji, magoti yakilegea kidogo. Kichwa kitulie, macho yaufuate mpira tangu mkononi mwa mrushaji. Kisha auendee kwa hatua moja, ubao ukishuka wima. Mwaka 2025 vijana wa kiume wa Tanzania walio chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia. Mabinti nao wana mikono. Tuwaombee, tena tuwarushie mpira.