Nauli ya Safari ya Tatu



Katika somo la methali tulikutana na ile isemayo: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Wengi wenu mliniuliza usufi ni nini. Ni nyuzi laini zitokazo katika tunda la msufi, ambazo watu hujazia mito na magodoro. Kanda la usufi huonekana kubwa, kumbe ni jepesi. Methali yatuonya kwamba mzigo ulio kichwani mwa mwingine huwa mwepesi machoni petu tusioubeba. Nilikwisha kuifundisha kwa miaka kadhaa kabla sijaielewa.

Kijana mmoja wa darasa langu, mwenye umri wa miaka 15, alianza kuvimba taya. Hapa Lobule tulidhani ni jino. Jirani mmoja akasema ni kijicho. Alipopelekwa Arua, madaktari walishuku saratani, wakamwandikia barua ya kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala. Huko kipande cha uvimbe kilipimwa, ikathibitika kuwa ni limfoma ya Burkitt.

Ugonjwa huo si mgeni West Nile. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Naye daktari Ted Williams, katika hospitali ya Kuluva karibu na Arua, aliweka kumbukumbu za wagonjwa wa eneo letu kwa uangalifu, nazo zikawafaa sana watafiti. Saratani hiyo hukua upesi mno, lakini mara nyingi hupona kwa dawa, mradi mgonjwa awahi na akamilishe awamu zote.

Niliposikia hayo, nilidhani imebaki kazi moja tu: kukusanya fedha. Asubuhi moja nilisimama mbele ya wanafunzi wote, nikalitaja jina la kijana na ugonjwa wake, nikapitisha kapu. Zikapatikana fedha za safari mbili. Nilimkabidhi baba yake bahasha, watu wakapiga makofi, nami nikarudi darasani nikiwa na moyo mkunjufu. Kwangu mimi, mzigo ulikuwa umetuliwa.

Wiki ya safari ya tatu ilipofika, nilipita nyumbani kwao nikamkuta kijana ameketi chini ya mwembe. Uvimbe ulikuwa umenywea, akionekana mzima.

"Mwalimu," baba yake aliniambia, "fedha zimekwisha, na mtoto amepata nafuu. Tutangoja tuvune ufuta, kisha tutarudi."

Nilishtuka, kwa maana ufuta ulikuwa bado maua. Uvimbe kunywea si kupona. Kuacha dawa katikati ni kuipa saratani nafasi ya kurudi. Nikamwomba mzee yule tuketi tuhesabu kila kitu, nikafungua daftari.

Nilianza na dawa. Akatikisa kichwa, dawa nyingi walikuwa wamepewa bila malipo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 serikali yetu ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma, isipokuwa katika wodi za malipo. Lakini tuliandika nauli ya mgonjwa na mama yake, kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 500 kila upande. Tukaandika chakula cha mama siku zote alizolala kando ya kitanda cha mwanawe. Tukaandika vipimo vilivyofanywa nje, na dawa moja iliyonunuliwa dukani siku ilipokosekana. Tukaandika mbuzi wawili waliouzwa, na shamba la muhogo lililokosa kupaliliwa. Ukurasa ukajaa. Kapu langu lilikuwa limegusa mistari miwili ya juu.

Jioni hiyo tulikwenda kwenye kikundi cha akiba cha kijijini, chenye sanduku la kufuli tatu na wenye funguo watatu. Wanachama wake ni Wakakwa, Walugbara na wakimbizi kutoka Kongo, na mazungumzo yao huwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyetoa hotuba. Mama mmoja mkimbizi aliuliza tu: "Basi linaondoka lini, na safari zimebaki ngapi?" Wakakubaliana kutoa nauli ya wiki ile kutoka mfuko wa jamii, kisha kila mmoja atoe kiasi kidogo kila wiki hadi awamu zimalizike. Mweka hazina akaandika mapato na matumizi, na baba akaleta risiti kila aliporejea. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Lakini ni lazima pawe na mtu wa kupima kibaba na mwingine wa kumkagua.

Kijana amemaliza awamu zake, na bado huenda kupimwa. Siku aliyorudi darasani alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, nashukuru," alisema. "Lakini siku ile ya kapu, ungeniuliza kwanza. Wengine waliacha kuketi nami, wakidhani nitawaambukiza."

Saratani hiyo haiambukizwi kwa kuketi pamoja, na ningeweza kulieleza hilo asubuhi ileile, iwapo yeye angeridhia nilitaje jina lake. Nilimwomba radhi, naye akanipokea.

Wanafunzi wangu, raia mwema hutoa. Methali nyingine husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kabla hamjapitisha kapu, mwulizeni mwenye mzigo anataka nini kisemwe na nini kisitirwe. Hesabuni naye njia nzima, mpaka nauli ya safari ya mwisho. Kisha wekeni daftari ambalo yeyote aliyechangia anaweza kulifungua na kulisoma.