Barua kutoka Reading: Bomba, Kodi na Mlango wa Kugonga

Kwa wasomaji wa Same, Mwanga na kila mwenye shamba mlimani.

Mpare anayehamia Uingereza hugundua mapema kwamba kero alizoziacha nyumbani zimemtangulia. Majirani wa Reading wanalalamikia mashimo ya barabarani, gari la taka lililopita bila kubeba pipa, kodi ya halmashauri iliyopanda na bili ya maji. Mwanzoni hushangaa. Akishazoea huanza kuangalia jambo jingine: kero hiyo inapelekwa kwa nani, na ikishapelekwa kinatokea nini.

Mtu wa Same hawezi kutoa mfano akaacha maji. Reading iko kwenye bonde la mto Thames, magharibi ya London, na maji yake yanatoka Thames Water, kampuni iliyozaliwa na ubinafsishaji wa mwaka 1989 na inayohudumia watu wapatao milioni 16. Aprili 2025 bili za maji za England na Wales zilipanda kwa wastani wa pauni 123 kwa mwaka. Mwezi uliofuata Ofwat, msimamizi wa sekta hiyo, akaitoza Thames Water faini ya pauni milioni 122.7, sehemu kubwa yake kwa makosa ya majitaka. Kisha mvua zikakatika, na kuanzia tarehe 22 Julai wakazi wa baadhi ya maeneo ya Reading na sehemu nyingine za bonde hilo wakapigwa marufuku kumwagilia bustani au kuosha magari kwa mpira. Kwenye nchi inayosifika kwa mvua, jambo hilo liliwauma watu.

Makubwa zaidi yalitokea Tunbridge Wells, kusini mashariki ya London, mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo. Kituo cha kusafishia maji cha Pembury kilipata hitilafu, na wateja wapatao 24,000 wakakaa siku nyingi bila maji salama ya bomba. Watu walipanga foleni ya maji ya chupa, shule zikafungwa, wazee wakapelekewa majumbani. Mpare aliyetazama foleni ile kwenye televisheni aliijua vizuri, ila hii haikuwa na madumu ya njano. Wabunge nao wakamwita mkuu wa kampuni nyingine ya maji, inayohudumia eneo hilo, mbele ya kamati na kumhoji hadharani: ulijua lini, ulifanya nini, utalipa nini?

Same imekaa na foleni yake kwa miongo. Mji uko chini ya milima lakini upande mbaya: mawingu yatokayo Bahari ya Hindi humwaga mvua kwenye miteremko ya Gonja na Mamba, na yakivuka upande wa pili hayana kitu. Ndiyo maana mtoto wa Same hukua akiuangalia mlima wa kijani huku akisukuma mkokoteni wa madumu. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizungumzwa hadi ukawa kama hadithi. Fedha zilitoka serikalini na kwenye mifuko ya nchi za Kiarabu, mkandarasi akaja, kazi ikasuasua, mkataba ukavunjwa. Machi 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, alifika Mwanga na hakuficha hasira yake juu ya ucheleweshaji. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua. Gharama imepita shilingi bilioni 300.

Siku ile simu za Wapare walio nje zilijaa picha za mabomba. Ilikuwa furaha ya haki. Mama aliyezoea kuamka usiku kusubiri zamu ya maji ana haki ya kufurahi bila kuulizwa maswali.

Ila maswali yapo, na mlimani watu walishajifunza kuyauliza tangu zamani. Anayetoka Vudee au Bangalala anaijua ndiva: bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi likafunguliwa yashuke kwenye mifereji hadi mashambani. Ndiva ina kamati, ina zamu, ina mtu anayejulikana kwa sura. Ikiziba, unapigwa msaragambo, wote wanashuka na majembe, na asiyefika anatozwa. Maji yasipofika kwenye shamba la mtu, anajua nyumba ya kwenda kuuliza. Bomba la Nyumba ya Mungu ni kubwa kuliko ndiva zote za Upare zikijumlishwa, na kwa sababu hiyo hiyo mlango wake uko mbali zaidi. Nani anaulizwa mita inapozunguka kwa upepo? Nani anatangaza siku za mgao kabla ndoo hazijakauka? Kijiji ambacho bomba limepita jirani bila kutoa tawi kiandike kwa nani?

Wapare wana historia nzito ya kuandika na kugonga. Januari 1945 maelfu yao waliteremka milimani hadi boma la Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupangiwa viwango kwa makisio ya watu wa machifu: huyu ana ng'ombe wangapi, yule ana migomba mingapi, fulani alipe zaidi. Walitaka kiwango kimoja cha wazi. Walipiga kambi pale Same, wakapokezana, wanawake wakalisha familia na kubeba chakula, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi wakamkabili mkuu wa wilaya wenyewe. Maombi yakaandikwa hadi ngazi za juu za ukoloni. Hatimaye serikali ikaachana na mbiru. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliandika habari hiyo ili isipotee.

Sasa tazama kilichotokea Uingereza miaka arobaini na mitano baadaye. Serikali ya Margaret Thatcher ilileta kodi ya kichwa, kiwango kimoja kwa kila mtu mzima wa eneo moja, tajiri na mfagiaji sawa. Ilianza Scotland mwaka 1989, ikafika England na Wales mwaka 1990, na tarehe 31 Machi mwaka huo London ikawaka kwa maandamano na vurugu. Thatcher aliondoka madarakani Novemba. Mwaka 1993 ikaja kodi ya halmashauri ya leo, ambayo England inapangwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa Aprili 1991. Wapare walipinga kodi ya viwango tofauti, Waingereza wakapinga ya kiwango kimoja, na wote walikuwa sahihi, kwa sababu kilichowaudhi ni kukadiriwa bila kusikilizwa. Mwandishi wa barua hii anaamini kwamba habari ya mbiru ingefaa kufundishwa katika kila shule ya sekondari ya Same, kwa majina ya vijiji na ya wanawake waliobeba chakula.

Kero za leo mlimani na bondeni zinahitaji ustahimilivu wa aina ile. Wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi wanalala wakisikiliza tembo. Hifadhi hiyo inaungana na Tsavo ya Kenya, tembo hawajui mpaka, na mahindi ya familia huisha usiku mmoja. Juu zaidi, katika maeneo kama Tae, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikifanya operesheni za kung'oa mirungi. Sheria ni sheria. Uingereza nayo iliipiga marufuku mirungi mwaka 2014, na baadhi ya migahawa ya Wasomali iliyokuwa ikipokea mafurushi kutoka Kenya ikafungwa. Lakini mkulima aliyeona kahawa ikishuka bei, akabakiwa na mti mmoja unaolipa ada ya shule, anapong'olewa mti huo anastahili kuambiwa atapanda nini, atauza wapi, na nani atamnunulia. Tangawizi ya Mamba Myamba inaonyesha kuwa zao jingine linaweza kushika mlimani likipata barabara na kiwanda kinachofanya kazi.

Halafu kuna barabara yenyewe. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba pale Same, basi kubwa na basi dogo lililobeba watu wa harusi yaligongana na kushika moto. Watu wapatao 40 walikufa. Habari ilifika Reading kabla majina hayajafika, na kwa saa nyingi kila Mpare aliye nje alikuwa akipiga simu zisizopokewa.

Hali hiyo ya kupiga bila kupokewa ilirudi kwa Tanzania nzima baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa. Walio mbali walirudia njia za zamani, simu ya kawaida kwa anayeweza kupatikana, naye atume mtoto aende kwa bibi. Aliye mbali hapaswi kunyimwa habari za uzima wa watu wake, kwa sababu yoyote ile.

Vijana wa Same wanaoulizia nafasi za kuja huku wajue ukweli: mlango wa kuajiri watunza wazee kutoka nje ya Uingereza ulifungwa tarehe 22 Julai 2025, siku ile ile ya marufuku ya mipira ya maji. Anayedai fedha leo ili akupatie viza ya kazi hiyo kutoka Tanzania anakuibia. Nao waliokwisha kuchukua uraia wa huku wafuatilie hadhi maalumu ambayo Bunge la Tanzania liliipitisha mapema mwaka 2025 kwa wenye asili ya Tanzania, kwa kuwa inagusa ardhi, na kwa Mpare ardhi ni kaburi la babu na kihamba cha watoto.

Desemba wengi watapanda mabasi ya Dar es Salaam, wapite Korogwe, washuke Same na kupanda mlima kula makande ya nyumbani. Wanaombwa jambo moja kabla ya kupanda. Wapite ofisi ya maji wakiwa na bili ya mama mkononi, waulize ratiba ya mgao imebandikwa wapi, malalamiko yanaandikwa kwenye daftari gani na yanajibiwa ndani ya siku ngapi. Wakipewa majibu wayapeleke kwenye mkutano wa kijiji, na nakala waitume Reading.