Lumbesa Angani

Mwaka juzi nilikwenda Butiama kwenye harusi ya binamu yangu. Mshereheshaji akanisimamisha: "Na huyu hapa ndiye rubani wetu!" Vigelegele. Nilipoketi, mjomba wangu, mzee wa Kizanaki asiyejua kuzungusha maneno, akaniuliza, "Ndege yako inabeba watu wangapi, mjomba?"

"Haibebi watu, mjomba. Inabeba mizigo."

Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalimeza bila haraka. "Kumbe unaendesha fuso."

Meza nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Usiku ule, kwenye gari la kurudi Bunda, niliwaza kwamba mzee amesema kweli kuliko alivyodhani. Dereva wa fuso barabara ya Mwanza hadi Sirari akipakiwa kupita kiasi hukutana na mizani ya serikali. Mimi, kwa sehemu kubwa ya miaka tisa ya kazi hii, nimeruka kutoka viwanja ambavyo havikuwa hata na mizani ya kupimia gunia.

Jina baya la ndege za mizigo huku kwetu lina umri mkubwa kuliko leseni yangu. Machi 2005, nikiwa darasa la saba Bunda, Il-76 iliyojaa minofu ya samaki iliruka kutoka Mwanza usiku ikaangukia ziwani. Watu wote 8 waliokuwemo walikufa. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyodai kwamba ndege zinazokuja Mwanza kuchukua sangara zina uhusiano na silaha za vita vya Afrika. Serikali ilikanusha, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Sokoni Bunda hakuna niliyemjua aliyekuwa ameiona filamu yenyewe, lakini kila mtu alikuwa na maoni yake. Nilipoanza kazi, mama mmoja muuza dagaa aliniita pembeni: "Mwanangu, hebu niambie ukweli, humo ndani mnaweka nini?" Nilikuwa nimebeba vipuri vya jenereta na katoni za dawa.

Kuhusu ajira, niseme wazi, maana vijana wa Musoma hunipigia simu wakidhani samaki wao ndio watakaowapa kazi. Kwa miaka mingi minofu ya viwanda vya Musoma na Mwanza imekuwa ikipanda malori yenye majokofu, inavuka mpaka pale Sirari na kupakiwa ndegeni Nairobi. Kazi ya rubani ikahama na samaki. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300F, ndege ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54, nasi tukafurahi, mimi mmojawapo. Ila ndege moja haiajiri kijiji kizima cha marubani, na anayetakiwa kwenye kiti chake si kijana aliyetoka chuoni jana.

Kijana wa jana huyo ana leseni ya biashara na saa mia mbili hivi kwenye daftari. Leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa, inadai 1,500. Saa hizo 1,300 zinazopungua azitoe wapi? Kampuni za utalii zinachukua wachache. Wanaobaki wanaangukia kwetu, kwenye Caravan kuukuu zilizong'olewa viti, Let 410 na Fokker 50 zilizozeeka. Ndiyo maana kampuni ndogo ya mizigo haihangaiki kutangaza kazi. Foleni iko mlangoni, na wapo walio tayari kulipa ili warushe. Huko huitwa kununua saa. Mimi sikununua, lakini nilikaa miezi mitano bila mshahara, nikajiona mjanja.

Kuna mtego mwingine ambao chuoni hawakunieleza. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukiwekwa kiti cha kulia kama msaidizi, saa zako zinaandikwa, naam, lakini siku ya usaili waajiri wengi huzitazama kama noti iliyochanika. Uliza mapema: nitakuwa kiti gani, na nani atasaini?

Sasa nieleze siku yenyewe. Nilikuwa na saa kama 600, kapteni wa Caravan peke yangu, kwenye kiwanja kimoja cha vumbi ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi. Kampuni siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mzigo ulikuwa magunia 14 ya maharage, na karatasi ilisema kilo 80 kila moja, jumla 1,120. Nilisimama mlangoni nikiyatazama yakiingizwa. Mama yangu ameuza nafaka na mihogo mikavu soko la Bunda tangu sijazaliwa, na utotoni kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia wakati likishonwa. Gunia la haki naliona kwa macho. Yale yalikuwa na kofia, yameshonwa kwa kamba za kukingama juu, shingo imevimba. Lumbesa tupu. Kila moja lilikuwa gunia la kilo mia, si themanini. Maana yake kilo 280 zisizo kwenye karatasi, kwa ndege inayoruhusiwa kuondoka ardhini na kilo 3,969 tu, yaani chuma chake, mafuta, mzigo na mimi mwenyewe.

Nilijua. Nasisitiza hapa, kwa sababu watu hudhani marubani wa mizigo huanguka kwa kutojua. Meneja wa kituo akaniambia kwa upole, "Kapteni, mwenzako wa jana alibeba hivi hivi." Nikawaza foleni ya mlangoni, nikasaini.

Ndege ilikimbia ikakimbia. Alama niliyozoea kuinulia pua ilipita, bado usukani mzito. Mwisho wa kiwanja kulikuwa na mstari wa mikaratusi. Nilivuta, magurudumu yakaachia ardhi, na king'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kubeba kikaanza kulia masikioni. Nikashusha pua kidogo, nikiielekeza kwenye ile ile miti niliyokuwa naiogopa, ili nipate mwendo. Niliona majani. Si msitu kwa mbali, nasema majani, jani moja moja. Kisha yakapita chini.

Nilipotua hakuna aliyesema kitu. Wapakuzi wakapakua, karani akahesabu magunia, akasaini. Jioni nikaandika kwenye daftari: saa 1, dakika 20.

Daftari la rubani halina safu ya uzito. Atakayelisoma Dar es Salaam au Doha ataona saa 1 na dakika 20 za ukapteni, halali, zenye saini. Hataona majani. Naye hufahamu hivyo, ndiyo sababu akiona jina la kampuni ndogo ya mizigo hukunja uso kabla hajafika ukurasa wa pili. Anajiuliza: huyu alikataa mangapi? Na hakuna karatasi inayomjibu. Ndege ikianguka imezidi uzito, bima hupata sababu ya kukwepa malipo, na ripoti huweza kumalizika kwa maneno mawili: kosa la rubani. Aliyeshona gunia hatajwi. Faida ya lumbesa ni ya mwenye mzigo na mwenye ndege, lakini jina baya nimelivaa mimi.

Mara ya pili nilikataa. Nilishusha magunia matatu, nikaruka. Wiki iliyofuata sikupangiwa safari, wala iliyofuata hiyo. Hawakunifukuza, waliniacha nikauke. Nikarudi Musoma, nikakaa miezi saba kwa dada yangu Nyasho, asubuhi nikitembea hadi karibu na uwanja wa ndege kutazama ziwa. Siku hizi narusha Fokker 50 kwa kampuni nyingine, yenye mizani na karani anayeijua kazi yake. Kampuni ndogo si zote ni moja. Hii ninayoisifu ni ndogo kuliko ile iliyonikausha.

Halafu likaja la Ulaya. Desemba 2024 Air Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kampuni za ndege zisizoruhusiwa anga la Umoja wa Ulaya, na Juni 2025 zikafuata kampuni zote zilizoidhinishwa Tanzania. Marufuku hiyo ni ya kampuni na usimamizi, leseni yangu haikuguswa. Lakini kwenye usaili wangu wa mwisho, kwa njia ya video, swali la kwanza lilikuwa: "Saa zako ngapi ni za ndege za Tanzania?" Kabla halijaulizwa lile la kawaida la kama nimewahi kurusha jeti. Sijawahi. Nina saa zaidi ya 4,000, zote za ndege za pangaboi, na kila mwaka ninaoongeza kwenye Fokker unanifanya kuwa stadi zaidi wa ndege ambayo wakubwa hawanayo.

Tulimaliza chuo sita. Mmoja yuko shirika la taifa. Mmoja anarusha mizigo Ghuba, anakula vizuri. Wawili, mimi nikiwa mmoja wao, tuko huku kwenye kampuni ndogo za mizigo. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, hataki hata kusikia habari za ndege. Wa sita tulimzika.

Kwa hiyo mzazi wa Butiama au Kiabakari unayetaka kuuza ng'ombe umpeleke kijana chuo cha urubani, sikuzuii. Weka na akiba ya miaka miwili baada ya chuo, na umwambie kijana mbele yako kwamba akikataa mzigo akarudi nyumbani, atakuta sahani yake mezani. Mimi sikuwa na uhakika huo siku ile, na kuukosa kulikuwa na uzito kuliko kilo 280.

Na kwa wenye kampuni ndogo, ombi langu ni mizani kila kiwanja mnachopakia. Zinauzwa madukani Musoma mjini. Mama yangu sokoni Bunda anayo.