Umbali Usiojua Ziwa

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kupanga safari za wahadhiri wanaokwenda kuwakagua wanafunzi wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha. Nilijivunia sana suluhisho langu. Katika kanzidata ya mtandaoni niliingiza latitudo na longitudo za kila shule, nikaiachia kanuni ya hisabati ikokotoe umbali, dunia ikichukuliwa kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371. Umbali uligawanywa kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na muda wa safari ukajitokeza wenyewe. Kazi ya wiki nzima ikamalizika kwa dakika chache.

Kutoka Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, kanzidata ilinipa kilomita zisizofika 50, yaani safari isiyozidi saa moja. Kwa hiyo nilijipangia shule ya mjini asubuhi na ya Ukerewe mchana. Nilipofika bandarini ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mchuuzi wa dagaa analijua: mstari wangu ulionyooka ulikuwa umepita juu ya Ziwa Victoria. Meli ina saa zake za kuondoka, na mwenye gari huzunguka hadi Bunda, kisha huvuka kwa kivuko pale Kisorya.

Nilifika kesho yake. Mwanafunzi wangu alikuwa amenisubiri siku nzima, andalio la somo mkononi. "Shikamoo, Dokta," aliniambia. "Nilidhani nimefutwa." Nilikosa la kumjibu, kwani kosa halikuwa la mashine. Mimi ndiye niliyeiandikia kanuni.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni programu bora zaidi. Ni kweli kwa kiasi. Zipo programu zinazofuata mtandao halisi wa barabara, na mbinu ya kutafuta njia fupi aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959 ingali miongoni mwa misingi yake. Lakini nazo hutegemea kile ambacho watu wameziingizia. Asipokuwapo aliyeandika saa za kivuko, au kwamba barabara fulani haipitiki wakati wa masika, hesabu itatoka safi na itatudanganya.

Ukaguzi mmoja uliochelewa ni jambo dogo. Linalonitia hofu ni kwamba posho za watumishi, vituo vya kazi na hata mahali pa kujenga zahanati huweza kuamuliwa kwa mstari wa namna hiyohiyo. Tunaposema kwamba wananchi wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya, tumepima kwa njia ipi? Mama mjamzito hapiti angani.

Tangu siku ile niliongeza safu moja katika kanzidata yangu: muda wa safari kwa maelezo ya mwalimu mkuu wa shule husika. Safu hiyo haijijazi yenyewe. Lazima mtu apige simu na kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sasa naisoma hiyo kwanza, kabla ya kilomita.