Barua kutoka Ughaibuni: Tone la Oili na Chanzo Chake



Mtu wa Afrika Mashariki anayehamia Houston, Dallas au Columbus hugundua mapema kwamba hesabu ya gereji aliyoizoea imegeuka, kwa kuwa huku vipuri hupatikana kwa urahisi na bei zake zinavumilika, ilhali saa moja ya kazi ya fundi katika gereji nyingi hutozwa zaidi ya dola 100. Ndiyo maana wenye pikapu za zamani, wenyeji kwa wageni, hufanya ovahoo wenyewe katika chumba cha gari kilichoshikana na nyumba, kwa winchi ya kukodi na vifaa ambavyo maduka ya vipuri kama AutoZone huazimisha kwa amana inayorudishwa. Kazi hiyo hufanywa mlango ukiwa umefungwa nusu pale ambapo chama cha wenye nyumba wa mtaa kimepiga marufuku matengenezo ya magari hadharani, na vyama vya namna hiyo si vichache. Injini hushushwa, ringi za pistoni, beringi na gasketi hubadilishwa, kisha hurudishwa na kuwashwa, nayo hunguruma vizuri. Muda si mrefu doa la oili huonekana sakafuni.

Mahali tone linapoangukia ni ushahidi dhaifu sana kuhusu mahali linakotoka. Oili hushuka kwa uzito wake, hufuata viungo vya vyuma, husukumwa nyuma na feni na upepo wa mwendo, kisha hukusanyika sehemu ya chini kabisa upande wa nyuma, pale injini inapoungana na giaboksi, kama maji ya mvua yanayoingia kwenye tundu la bati na kudondokea chumba kingine. Sehemu hiyo hiyo ndiyo ambayo sili ya nyuma ya krankishafti ingedondoshea oili kama ingekuwa mbovu. Krankishafti ni mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, na sili yake ni pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili huo unapochomoza nje ya bloku. Kwa kuwa sili hiyo imejificha na kuifikia ni kazi nzito, mwenye gari huishtaki kabla ya kuchunguza, na mara nyingi huishtaki bure.

Mfano ulio wazi zaidi ni injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, yenye silinda nane. Ukoo wake ulianza mwaka 1955, yenyewe ilitoka mara ya kwanza katika Camaro ya mwaka 1967, na ikaja kufungwa katika pikapu nyingi za Marekani kwa miongo kadhaa. Hadi katikati ya miaka ya 1980 sili yake ya nyuma ilikuwa ya vipande viwili, ambayo hubadilishwa kwa kushusha sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, na kufungua kofia ya beringi ya mwisho. Kuanzia modeli za mwaka 1986 sili ilikuwa pete moja nzima, nayo haibadilishwi bila kuondoa giaboksi na flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krankishafti. Kuikosea injini ya aina ya pili, kwa hiyo, ni kupoteza mwisho mzima wa wiki chini ya gari.

Uchunguzi huanza kwa kuhakikisha kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Kipande cha boksi jeupe kikilazwa chini ya gari usiku kucha, oili mpya huacha doa la rangi ya asali, mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida huwa mekundu, na yale ya difu hujulikana kwa harufu yake ya kiberiti. Baada ya hapo injini husafishwa hadi chuma kikauke, kwa sababu juu ya uchafu wa zamani hakuna kinachosomeka. Rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya miali ya urujuanimno huchanganywa na oili, injini huendeshwa, kisha gizani hutafutwa sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Asiye na taa hiyo hupulizia poda nyeupe ya miguu na kutazama mahali itakapoanza kubadilika rangi.

Kwa injini ya 350 ufuatiliaji huo mara nyingi huishia nyuma ya manifoldi ya kuingizia hewa, chombo kinachogawa mchanganyiko wa hewa na petroli kwa silinda zote. Manifoldi hiyo hukalia hedi mbili zilizoinama, na mbele na nyuma yake hubaki ukingo mwembamba wa bloku unaopaswa kuzibwa. Seti nyingi za gasketi huja na vipande vya mpira au koki vya kuziba ukingo huo, lakini manifoldi inapokazwa vipande hivyo huteleza, na kile cha nyuma huteleza pasipo kuonekana kwa kuwa distributa imekikinga. Mafundi wengi wenye uzoefu huvitupa kabisa na badala yake hulaza mstari wa silikoni wenye unene wa takriban milimita 6, wakiongeza kidogo kwenye pembe nne ambako manifoldi, hedi na bloku hukutana. Jirani na hapo ipo pia gasketi ya distributa, ipo sensa ya presha ya oili, na pembe za nyuma za vifuniko vya tapeti, ambazo hupinda boliti zikikazwa kwa nguvu kupita kiasi. Oili inayotoka popote kati ya hapo huteremka nyuma ya bloku na kudondoka penye giaboksi.

Kuna sababu nyingine isiyohusiana na gasketi hata kidogo. Ringi mpya huhitaji muda kabla ya kukaa sawasawa kwenye kuta za silinda, na wakati huo gesi za mwako hupenya kwa wingi hadi chini ya pistoni na kuongeza presha ndani ya injini. Kazi ya kuziondoa ni ya valvu ndogo iliyo kwenye kifuniko cha tapeti, inayozirudisha katika manifoldi kupitia mpira. Valvu hiyo ikiziba, presha hutafuta upenyo kwenye sili zilizo nzima kabisa. Injini ikiwa inanguruma polepole, valvu huchomolewa na kidole kuwekwa kwenye tundu lake. Kisipovutwa, kipuri cha bei ndogo ndicho cha kubadilishwa kwanza.

Nyumbani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, fundi aghalabu hufungua kwanza na kufikiri baadaye, wala hastahili kulaumiwa sana, kwa kuwa kipuri halisi kina bei kuliko mikono yake. Huku kufungua ndiko ghali, na subira ya uchunguzi imezaliwa na hesabu hiyo, si na ustaarabu wowote wa pekee.

Hata inapothibitika kwamba oili inatoka nyuma ya flaiwili, hukumu bado haijatoka. Nyuma ya bloku kuna vizibo vya skrubu vya njia za oili na kizibo cha kamshafti, mhimili unaofungua valvu, navyo huondolewa bloku inapooshwa na wakati mwingine hurudishwa bila dawa ya kuzibia. Chuma kilicho juu ya krankishafti kikiwa kimelowa, vizibo ndivyo vya kukaguliwa. Kikiwa kikavu na unyevu ukaanzia kwenye mdomo wa sili, sili hubadilishwa. Ile ya vipande viwili hupangwa ili maungio yake yasilingane na ungio la kofia ya beringi, na mdomo wake huelekezwa ndani ya injini.